Magogo Mia Moja Arobaini na Matatu

Jumatatu, 3 Novemba

Saa mbili na nusu asubuhi Dada kaingia ofisini na matope hadi magotini. Mbele ya watu wote! Mfagizi ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupiga deki. Nikainamia faili, nikajifanya hamnazo. Akaniita kwa jina langu la utotoni, tena kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Sasa ofisi nzima inalijua.

Shida yake ni hii. Mvua za huko juu zimeteremsha magogo, yamekwama kwenye nguzo za daraja, moja juu ya jingine, mto umezibwa. Maji hayana pa kupita, yanarudi nyuma na kutambaa kuelekea uwanja wake wa matofali. Ana safu thelathini za matofali mabichi pale, kazi ya miezi minne. Hayabebeki, ukiyainua yanakatika. Yakiguswa na maji yanarudi kuwa udongo. Na safari hii si ya wateja. Miaka ishirini Dada amefyatua matofali ya nyumba za watu. Haya ni ya nyumba yake mwenyewe.

Anachotaka ni barua. Barua tu! Utaratibu wa idara unasema hakuna kugusa kitu chochote kwenye nguzo za daraja bila ruhusa ya maandishi yenye muhuri. Akasema wafyatuaji wenzake wote wanahangaika na kuni za tanuri. Wakiruhusiwa, watayamaliza magogo yale kwa misumeno na kamba kabla ya wiki kwisha.

Nilicheka. Misumeno na kamba! Mtu ana mdogo wake katika Idara ya Barabara na Madaraja, mwaka wa kumi na moja kazini, halafu anaomba karatasi? Nikamwambia aende nyumbani akalale usingizi, nitamletea katapila. Akasema hataki katapila, anataka barua. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema hapo ndipo anapoanza kuogopa.

Amechomeka kijiti ukingoni kupima maji. Bado hatua kumi na mbili kufika safu ya kwanza. Hatua kumi na mbili! Tuna muda tele.

Jumanne, 4 Novemba

Idara ina katapila moja la kuchimbia, lenye mkono mrefu na kijiko mbele. Tunaliita Bibi Harusi, kwa sababu haendi popote bila msafara na siku zote anafika amechelewa. Nikaingia kwa Mkuu kifua mbele kumwomba.

Kumbe Kalamu Tatu keshatangulia! Huyu ni karani mwenzangu, meza yake inatazamana na yangu. Hubeba kalamu tatu mfukoni mwa shati na katika miaka yote hii sijaona hata moja ikiandika. Anamtaka Bibi Harusi akachimbe mtaro wa soko. Kaleta ramani. Kaleta vipimo: urefu, upana, kina. Mimi nilikuwa na mdomo tu.

Mkuu akaniuliza magogo ni mangapi. Nikasema mengi. Akauliza mengi ndiyo mangapi. Nikasema mengi sana. Kalamu Tatu akakohoa, kile kikohozi chake kidogo cha kujidai ana mafua. Mkuu akasema idara haipeleki mtambo mahali kwa sababu ya "mengi sana". Atakayeleta hesabu safi zaidi ifikapo Alhamisi ndiye atakayepewa katapila.

Haya. Hesabu anaitaka, hesabu ataipata.

Jioni Dada kapita nyumbani kuulizia barua. Nikamwambia mambo yako jikoni. Akataka kujua yataiva lini. Mke wangu akamwambia, wifi, usijisumbue, huyo ukimuuliza swali moja anakujibu matatu na yote siyo. Wakaketi uani wakasemezana kwa sauti ya chini karibu saa nzima. Sipendi wanapofanya hivyo.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya kishujaa! Ingawa hakuna aliyeshuhudia ila wafyatuaji matofali wapatao arobaini, na wao walikuwa wanacheka.

Mpango wangu: kila gogo lipewe namba kwa rangi nyekundu, kisha liandikwe kwenye orodha pamoja na urefu wake. Kalamu Tatu ana mtaro mmoja. Mimi nitakuwa na vitu vingi, kila kimoja na namba yake! Nikachukua kopo la rangi stoo, nikatia saini, nikavaa suruali kuukuu, nikapanda juu ya magogo. Namba 1 hadi 20 zilitoka vizuri, mwandiko wa kupendeza, hata nikarudi nyuma kidogo kuutazama.

Namba 21 likageuka. Gogo linaloelea, ukilikanyaga pembeni, linazunguka. Hilo hakuna aliyeniambia! Nikaingia majini hadi kidevuni. Kopo nililiokoa kwa kulinyanyua juu. Kiatu cha kushoto sijui kilipita wapi. Huko ukingoni watu walivunjika mbavu, na mmoja akaniuliza kama na mimi nimepewa namba.

Dada akanipigia kelele kwamba kwa muda nilioutumia kupaka rangi, watu wangeshatoa magogo hamsini. Nilikuwa kwenye namba 64, na ukianza kujibizana na watu unapoteza hesabu. Baada ya hapo nikawa nayaandika haraka haraka, lile lililokuwa karibu na mkono. Yalikuwa yanazunguka zunguka chini yangu muda wote, lakini nilijikaza.

Saa kumi jioni nimemaliza. Mia moja arobaini na matatu! Nimerudi nyumbani na kiatu kimoja, mikono myekundu hadi viwikoni. Mke wangu akapiga ukelele akidhani nimekatwa. Alipojua ni rangi akakasirika zaidi, maana nilikuwa nimeshashika pazia.

Kijiti cha Dada: hatua nane.

Alhamisi, 6 Novemba

USHINDI!

Orodha yangu ina kurasa sita. Mkuu kaisoma yote, akilamba kidole kila anapofungua ukurasa. Akasema tangu aingie idara hajaona kazi kama hii. Akalisema hilo Kalamu Tatu akiwa amesimama palepale! Kalamu Tatu akatoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha. Katapila nimepewa mimi. Litafika Jumatano ijayo, maana sasa lipo kwenye barabara ya milimani na trela la kulibebea lina pancha mbili.

Kuna sharti dogo tu. Jumanne Mkuu mwenyewe atakwenda mtoni kuhakiki. Kama orodha inasema mia moja arobaini na matatu, basi mtoni yawe mia moja arobaini na matatu. Likipungua hata moja, ni udanganyifu, faili linafungwa, Bibi Harusi anakwenda sokoni. Aliyependekeza uhakiki huo ni Kalamu Tatu, eti kwa nia njema. Mnafiki mkubwa!

Nikasema hakuna tabu. Nani atafute kesi kwa kuiba gogo?

Saa nane nikafika mtoni kupeleka habari njema. Nikamkuta nani? Dada na wenzake wawili, wamelifunga kamba gogo namba 9, wanavuta! Nilikimbia nikaikumbatia ncha ya pili. Nikawaeleza kwamba gogo lile si gogo tena, limeandikishwa. Dada akauliza limeandikishwa darasa la ngapi. Wenzake wakacheka hadi kamba ikawaponyoka.

Nikawafafanulia kwa utulivu mkubwa: kila gogo linalotoka leo linamnufaisha Kalamu Tatu. Dada akasema hamjui Kalamu Tatu na hajawahi kumwona. Anachokijua ni maji, na maji yamebakisha hatua sita. Nikamwambia Jumatano Bibi Harusi atayatoa yote kwa saa tatu. Akauliza hiyo Jumatano maji yatakuwa wapi. Swali la kukatisha tamaa kabisa, na mimi sina muda wa maswali ya namna hiyo.

Namba 9 limerudi mahali pake. Nimelisukuma mwenyewe.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nimebandika tangazo darajani: MAGOGO HAYA YAMEHESABIWA. NI MARUFUKU KUYAGUSA. KWA AMRI. Sikusema amri ya nani. Tangazo zuri halielezi kila kitu.

Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu makini, nikaona niyapitie mwenyewe kabla Mkuu hajaja. Gogo namba 17 lilikuwa limegeuzwa na mkondo. Upande wake wa pili limeandikwa 88. Kwa mwandiko wangu!

Nikatafuta mti mrefu, nikaanza kuyageuza moja baada ya jingine. Namba 31 ndilo pia 102. Namba 5 ndilo 70. Moja lina namba tatu, na kwenye orodha nimeliandikia urefu wa aina tatu, kuanzia mita nne hadi saba. Kufikia saa saba nimeupata ukweli: mtoni kuna magogo mia moja thelathini na moja. Kumi na mawili hayapo na hayajawahi kuwapo.

Mtu mwoga angekwenda kwa Mkuu kusahihisha. Na Kalamu Tatu angekohoa. Kikohozi kile siwezi kukisikia tena, bora nimeze kopo la rangi. Nikafikiri sana, nimeegemea ukingo wa daraja, na jibu likaja lenyewe. Kurasa sita zimeshapigwa muhuri. Orodha haiwezi kubadilika tena. Kinachoweza kubadilika ni mto.

Kiwanda cha mbao cha barabara ya juu kina rundo la magogo mabovu nyuma ya ukuta, wanafurahi mtu akiwaondolea. Nikachukua kumi na mawili. Msukuma mkokoteni kafanya safari nne. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika tunayapeleka mtoni, si kuyatoa. Nikamwambia kazi yake ni kusukuma. Tumeyatumbukiza juu kidogo ya daraja, yakateremka yenyewe, yakaingia barabara kwenye matundu yaliyokuwa yamebaki. Nikayapaka namba zake. Hesabu imekamilika, roho imetulia.

Ila kuna jambo. Mto ulikuwa bado unapenya hapa na pale kwa kelele. Tulipomaliza ukanyamaza kabisa. Msukuma mkokoteni akanitazama, nami nikatazama saa.

Jumamosi, 8 Novemba

Dada kaja wakati wa chai ya asubuhi. Hakubisha hodi. Maji yameingia uwanjani. Safu mbili zimekwisha, ya tatu imelowa chini. Jana hatua nne, leo ndani! Akasema haelewi kitu. Hakuna wingu hata moja, lakini maji yamepanda ghafla kana kwamba kuna mtu kaongeza kitu kule darajani.

Nikasema ni mvua ya huko juu, bila shaka. Huko juu kunanyesha sana siku hizi. Nikapiga funda la chai, likaniunguza ulimi. Mke wangu ana tabia ya kunitazama mikono kwanza, kisha uso. Akanitazama hivyo. Mikono bado ina rangi.

Dada hakugomba. Akigomba najua pa kushika. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango akasimulia kwamba kila asubuhi, akiwa anayageuza matofali yakauke, huwa anaigawa ile nyumba kichwani: safu hizi nane sebule, hizi kumi vyumba viwili vya kulala, hizi sita jiko, na hizi sita za upande wa mto chumba cha wageni. Akasema ameshajua hata kitanda kitakaa upande gani. Kisha akaniomba barua, mara ya nne sasa. Akasema tafadhali. Dada hajawahi kuniambia tafadhali tangu nizaliwe.

Nasema kweli, nusura niiandike. Kalamu nilishaishika, karatasi nilishaivuta. Lakini nikawaza: zimebaki siku nne tu. Ukifika siku ya mwisho ukaacha, siku zote za nyuma ulikuwa unafanya nini? Nikamwambia avumilie kidogo, mimi ni damu yake, siwezi kumtupa. Akasema asante, akaondoka bila kugusa chai.

Mke wangu akachukua kikombe chake. Halafu akachukua na changu, ambacho kilikuwa bado nusu, akakimwaga.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekiona cha mtema kuni.

Nilikwenda mtoni asubuhi na kiti cha kukunja na mwavuli, nikalinde mali ya idara. Daraja limejaa watu! Misumeno, kamba, mashoka, wanawake wamefunga kanga viunoni, wanaume wako majini hadi kifuani. Tangazo langu mtu kalibandua na kulikalia. Nikauliza kwa sauti kubwa wamepewa ruhusa na nani. Dada akanyoosha karatasi.

Barua ya ruhusa. Mistari mitatu. Muhuri wa idara, jana saa tano asubuhi, nusu saa kabla ofisi haijafungwa. Saini ya Kalamu Tatu! Kwa hiyo zile kalamu huandika! Dada alitoka kwangu akaenda moja kwa moja ofisini, akamkuta yeye peke yake. Kalamu Tatu alimuuliza maswali mawili, akamwandikia, akagonga muhuri. Dada akasema wala hakukaa kwenye kiti.

Nikaona hakuna njia nyingine ila kujitoa mhanga. Nikaingia na kukaa juu ya gogo namba 60. Nikatangaza kwamba sitoki. Hakuna aliyebishana nami. Walilifunga kamba, wakahesabu moja mbili tatu, wakalivuta hadi nchi kavu na mimi juu yake, nimeshika mwavuli. Mama mmoja akanishika mkono nishuke salama. Adabu yao iliniudhi kuliko kitu kingine chochote.

Magogo yalikuwa yanatoka kama watu wanaotoka mkutanoni. Kufikia mchana wametoa sabini. Ndipo Dada akaniita kando. Alikuwa amesimama juu ya gogo lililokatwa pande zote mbili, limenyooka kama meza, na lina alama ya buluu ya kiwanda cha mbao. Kando yake mengine kama hilo, kumi na moja. Akaniuliza kama huko juu siku hizi mvua inanyesha kwa msumeno wa mashine.

Yeye akaendelea kuvuta kamba, nami nikakunja kiti.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemkabili Kalamu Tatu mapema asubuhi. Nikamwambia amenichoma kisu mgongoni. Akashangaa. Akasema alipomwona ni dada yangu alidhani mimi ndiye niliyemtuma, na kwa kuwa nilikuwa na kazi nyingi akaona anipunguzie mzigo. Alidhani ananisaidia! Ukatili wa kiasi gani huo? Na mtaro wa soko je? Akasema mtaro unachimbwa tangu Ijumaa. Wenye vibanda wamejichangisha majembe.

Saa nne gogo la mwisho limetoka nguzoni. Nasikia maji yaliondoka kwa kishindo, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa ofisini. Nilikuwa na shughuli.

Jioni mke wangu kanipa taarifa bila kunitazama. Maji yametoka uwanjani, wanapanga tanuri. Zimepona safu ishirini na nne. Zimekwenda sita. Nikasema kwa hesabu hiyo nyingi zimepona. Akaniuliza zile sita zilianza kwenda siku gani. Nikaenda kufua pazia.

Jumanne, 11 Novemba

Siku ya uhakiki! Mto mweupe, hauna hata kijiti, na Mkuu anakuja na orodha ya kurasa sita. Usingizi sikuupata. Nikapanga nimwambie barabara ya mtoni imeharibika. Nikafika mlangoni kwake mapema, nimeshapanga mashimo yote mdomoni. Akanikumbatia.

Uhakiki umefutwa! Hana haja nao. Orodha yangu aliituma makao makuu, huko wameisoma, wamesema hivyo ndivyo kila idara inavyopaswa kufanya kazi. Alhamisi saa nne wakubwa watatu wanakuja kumwona Bibi Harusi akiyatoa magogo. Watapiga picha. Mkuu akasema nisimame mbele, nikiwa nimeishika orodha.

Nikasema ndiyo mzee. Nikasema hivyo mara tatu.

Ningeweza kumwambia. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Lakini ameshanunua fremu ya kutundikia hiyo picha, akanionyesha. Mtu kama huyo unaanzaje kumwambia?

Jumatano, 12 Novemba

Bibi Harusi amefika! Kwa mara ya kwanza katika historia ya idara, amefika kwa wakati. Gari la mbele na taa, trela, gari la nyuma na taa. Dereva wake akashuka, akaenda hadi katikati ya daraja, akatazama juu, akatazama chini. Akaniuliza magogo yako wapi. Nikamwambia yako njiani. Nikampeleka akanywe chai.

Kisha nikaenda kwa Dada.

Tanuri limekamilika. Safu zote ishirini na nne zimepangwa zikawa jengo refu kunishinda, limesiribwa udongo, na chini kuna midomo mitano ya kuwashia moto. Ndani ya kila mdomo kuna magogo yangu. Namba zinasomeka. 9. 60. 17 ambalo ni 88. Wanawasha kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Yeye alikuwa upande wa mto, amepiga magoti pale zile safu sita zilipokuwa. Anazoa lile tope kwa mikono, analikanda upya, analitia kwenye kibao cha kufyatulia. Peke yake, wenzake wamekwenda kula. Nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikamwambia Dada, nisamehe. Akasema kile ndicho kilikuwa chumba cha wageni, kwa hiyo siku nikija kumtembelea nitalala nje. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi.

Nikavua viatu, nikachuchumaa kando yake. Tofali langu la kwanza likatoka limepinda. La pili likawa na ufa. La tatu akalitazama, akaliacha. Tukafyatua labda nusu saa, yeye anakanda, mimi najaza kibao. Kumbe ni kazi inayotuliza moyo. Akanipangusa tope kwenye paji la uso kwa mkono wake wenye tope zaidi. Nikajua tumepatana.

Nikaona huo ndio wakati wenyewe. Nikamwomba aniazime magogo arobaini. Arobaini tu, kwa siku moja! Leo jioni tunayarudisha mtoni, tunayabana kwenye nguzo vizuri, kesho saa nne wakubwa wanafika, Bibi Harusi anayatoa, picha zinapigwa, na saa nane mchana kila gogo liko kwenye tanuri lake. Nikamweleza kwamba maji hayatapanda zaidi ya hatua tatu nne hivi, nimeshapiga hesabu. Nikamwambia hata yeye anaweza kuwamo kwenye picha.

Dada akakiweka kibao chini. Akasimama, akaenda kunawa mikono, na hakurudi.

Hakusema hapana. Kwenye fomu ya idara ya kuazima mali ya raia nimejaza: mwenye magogo ameridhia.